Kimya Maana Yake Nimeshika

Kwanza niseme hivi, kabla hujasikia kwa watu wa soko la Gikomba, maana wale midomo yao haina breki: nilikuwa nimeshika. Siku ile kwenye mteremko mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kamba, visigino nimevichimbia kwenye lami, mgongo nimeulaza nyuma mpaka naona mawingu. Anayekwambia Patrobas aliachilia, mwambie aje aniambie machoni.

Lakini usinionee huruma haraka. Ngoja nimalize.

Mimi na Bedan tumefanya kazi ya mkokoteni miaka saba. Yeye mbele, mimi nyuma. Wa mbele anashika mikono ya mkokoteni na kuvuta. Ndiye macho, ndiye njia, ndiye anayetukanwa na madereva. Wa nyuma anasukuma kwenye mlima, na kwenye mteremko anakuwa breki. Anashika kamba iliyofungwa nyuma, anajivuta kinyume, na kile kipande cha tairi kilichopigiliwa chini ya mkia wa mkokoteni kinakwaruza barabara. Mzigo wetu ulikuwa beli za mitumba, yale marobota makubwa ya nguo kuukuu, na beli zikipangwa hamuonani kabisa. Mimi nilikuwa naona magunia tu. Uso wa Bedan nilikuwa nauona asubuhi tukipakia na mchana tukipakua.

Kusikilizana nako ni shida. Honi, wahubiri wenye vipaza sauti, watu wa "bei ya kutupa, mama, bei ya kutupa". Kwa hiyo kuna sheria, nayo hatukuitunga sisi, tuliikuta kwa waliotutangulia: kimya maana yake nimeshika. Wa nyuma haongei. Akifungua mdomo ni neno moja tu, "Naachilia!", na hapo wa mbele anajua atoke upesi katikati ya ile mikono kabla mzigo haujampanda mgongoni. Usiposikia kitu, tembea. Na usigeuke. Ukigeuza shingo mabega yanafuata, na mikono ya mkokoteni inafuata mabega, na mkokoteni wenye beli nane hauna adabu.

Bedan hakuwahi kugeuka. Wenzetu walikuwa wanamtania, "Wewe Bedan, huko nyuma umefunga mtu ama punda?" Naye anajibu bila kuangalia, "Yuko Patro," anaendelea na safari yake.

Sasa tuje kwenye mchezo. Na usicheke. Ndiyo, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, ana watoto wawili na mke kule Malava, anacheza mchezo wa simu. Kwani wewe jioni unafanya nini?

Hamse ndiye aliyetuingiza. Ana duka la vitambaa Eastleigh, tulikuwa tunampelekea mizigo. Siku moja mvua ilitufungia dukani kwake, tukamkuta yeye na dadake, Nimco, wameinamia simu wanapiga kelele kama waliofumania mwizi. Tukauliza, tukaonyeshwa. Mnacheza wanne kwa wanne, kila mtu na simu yake popote alipo, mnaongea kwa waya za masikioni. Katikati ya mji uliobomoka kuna sanduku. Kikosi kitakacholifikisha kwenye duara lake kwanza kimeshinda. Lakini anayelibeba sanduku hawezi kupiga risasi, na anatembea polepole, mgongo wazi. Lazima awe na mtu nyuma yake wa kumlinda.

Bedan alipoelezwa hivyo alicheka hadi akajipiga paja. "Patro, si hii ni kazi yetu?"

Ikawa hivyo. Bedan abebe sanduku, mimi nilinde mgongo, Hamse atangulie kufungua njia, Nimco apande paa na bunduki ya mbali atuambie kunaendaje. Bedan akatupa jina: Kamba Moja. Na sheria yetu ya barabarani tukaingia nayo vilevile. Hamse na Nimco walikuwa wanapiga domo mchezo mzima, niko hapa, niko pale, angalia kushoto. Mimi na Bedan, kimya. Hamse alikuwa anatushangaa. "Wallahi nyinyi mnatembea kama mko kwenye mazishi," anasema. Bedan anamwambia, "Usijali, tunaelewana."

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu kumbe nina mkono. Yaani wa kulenga. Mtu akitoa kichwa dirishani, kabla hajaangalia huku na huku nimeshamwangusha. Na nikwambie ukweli wangu wote: maisha yangu sijawahi kuwa wa kwanza kwa kitu chochote. Shuleni nilikuwa katikati. Kwetu mimi ni wa nne. Kazini mwenye mzigo akitoa asante anampa wa mbele, mimi niko nyuma ya magunia nafuta jasho. Lakini kwenye ule mchezo kuna orodha ya waangushaji wa mitaa yote, na jina langu likaanza kupanda. Mwewe. Ndilo jina nililojipa. Watu wa Kayole, wa Dandora, watu ambao sijawahi kuwaona, wakawa wananiandikia, "Mwewe wewe ni moto." Mimi! Nilikuwa nalala nikitabasamu kama mjinga.

Basi nikawa siwezi kukaa nyuma. Nikiona adui kule mbali, miguu inawasha. Lakini nisikilize vizuri hapa: kila nilipoondoka, nilisema. "Naachilia!" nasema, Bedan anaweka sanduku chini, anajificha ukutani, mimi naenda nampata mtu wangu, narudi. Tulikuwa tunapoteza muda, na mara nyingine mchezo, lakini hakuna aliyepigwa mgongoni.

Hamse hakupenda. "Patro, bana, wewe umewekwa nyuma. Kaa nyuma."

"Kila mtu ana uchezaji wake," nikamwambia.

Nimco akaingilia, yule msichana hana mzaha: "Uchezaji ni wako, sawa. Lakini mgongo ni wa Bedan."

Nikanuna siku mbili. Bedan ndiye aliyenitetea. "Muacheni Patro. Akienda si anasema? Mimi sina shida."

Kisha yakaja mashindano ya mitaa ya Eastlands. Tukapita raundi ya kwanza, ya pili, nusu fainali, hata sisi wenyewe hatuamini. Kikosi kitakachoshinda kingepelekwa Kisumu kwa treni, kucheza na watu wa huko. Hamse alitaka jina, Nimco alitaka kuwaonyesha wavulana. Mimi nilitaka orodha. Bedan alitaka treni.

Usinione naongeza chumvi. Yule mtu alizaliwa Murang'a, akaletwa mtaa wa Baba Dogo akiwa mdogo, na treni amezisikia tu zikipita. "Patro," aliniambia siku moja tumekaa kwenye mkokoteni tunakula githeri, "mimi nimevuta tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nataka siku moja tu nivutwe. Nikae dirishani, nivutwe mpaka Kisumu." Mkewe, Jecinta, alishamtafutia shati la safari Gikomba, jeupe lenye mistari, akalipiga pasi na kulitundika. Nililiona kwao, limening'inia msumarini karibu na kalenda ya kanisa.

Fainali ikapangwa Jumapili saa kumi na nusu, Bedan awe ametoka kanisani na Hamse awe amemaliza swala ya alasiri. Tungekutana na kikosi cha mtaa wa Umoja. Huko alikuwako jamaa anaitwa Shoka, namba moja kwenye orodha. Mimi namba mbili. Wiki nzima alikuwa ananichokoza, anaandika mahali ambapo kila mtu anasoma: "Mwewe gani huyu? Mimi naona kuku wa kienyeji." Watu wanacheka. Nikawa nasukuma mkokoteni namuwaza Shoka, nakula namuwaza Shoka. Treni ya Bedan sikuiwaza hata mara moja. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili nikakaa chini ya mkokoteni wetu pale Gikomba, kivuli kizuri, soko limepoa. Waya masikioni. Nikamsikia Bedan kutoka kwake Baba Dogo, nyuma yake Jecinta anafukuza watoto wa jirani wasipige kelele mlangoni.

"Niaje, Patro?"

"Poa, mkubwa."

"Leo ni leo."

"Asemaye kesho ni mwongo," nikajibu, tukaanza.

Tulicheza vizuri, sijawahi kuona. Hamse alifungua njia kama maji. Nimco juu ya paa akajeruhi wawili, wakarudi nyuma, akatwambia njia ya soko iko wazi. Bedan akanyanyua sanduku, akaanza kutembea, mimi nyuma yake hatua tano, kimya. Tukapita soko lililobomoka. Tukapita daraja. Duara likaanza kuonekana, la kijani, mwisho wa barabara moja iliyonyooka. Zilibaki kama hatua sitini. Nilisikia pumzi za Bedan masikioni mwangu, pumzi zilezile za kupanda mlima na mzigo.

Ndipo nikamwona Shoka. Amejeruhiwa, Nimco alishampiga moja, anachechemea kuingia nyumba ya kulia. Ilibaki risasi moja tu aanguke. Risasi moja, na mimi ni namba moja Eastlands nzima.

Nilijua sheria. Nilijua nikisema "Naachilia", Bedan ataweka sanduku chini, Hamse atapiga kelele nirudi, Nimco atanitukana, na Shoka atakuwa ameshapotea. Nikajiambia, sekunde tano tu. Nitarudi kabla hajajua. Nikafunga mdomo wangu, nikaenda.

Nilimpata kwenye ngazi. Nikamwangusha. Jina langu likawaka juu ya kioo, Mwewe, namba moja, nikaruka chini ya mkokoteni nikagonga kichwa kwenye ekseli, nacheka, damu inatoka, wala sijali. Na katikati ya kicheko nikamsikia Bedan. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu aliyeshikwa begani na asiyemjua.

"Nimepigwa. Patro? Nimepigwa nyuma."

Nilikimbia kurudi. Nikamkuta amelala kifudifudi juu ya sanduku, hatua arobaini kabla ya duara. Mtu wa Umoja alikuwa ametufuata tangu darajani, kumbe, anasubiri nafasi. Aliponimaliza na mimi sikushangaa. Hamse na Nimco hawakuweza kitu peke yao. Umoja wakalichukua sanduku, wakalifikisha kwenye duara lao, wakashinda.

Kisha Hamse akatukana kwa Kisomali na akatoka. Nimco naye akatoka. Tukabaki mimi na Bedan.

"Uliachilia?" akauliza.

"Bedan, nimemwangusha Shoka! Umeona? Mimi ni namba moja!"

"Hukusema."

"Ilikuwa sekunde tano tu."

"Mimi nilisikia kimya," akasema. "Nikajua umeshika."

Hapo ndipo ningesema pole. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analijua. Lakini mimi nikasema, "Aa, Bedan, huu ni mchezo tu." Naye akasema, "Ni kweli. Ni mchezo," akakata.

Jumatatu alikuja kazini kama kawaida. Tukasalimiana, tukapakia, akauliza kichwa changu kimefanya nini, nikamwambia ekseli, akacheka kidogo. Nikajua yameisha. Tukaanza kushuka kutoka zile stoo za upande wa Pumwani kuja sokoni, na hatujafika mbali nikahisi mkokoteni umetikisika. Umekwenda kushoto, ukarudi. Nikafikiri ni shimo. Hatua chache tena, kushoto, ukarudi. Halafu nikasikia juu ya honi:

"Uko?"

Miaka saba hajawahi kuniuliza hivyo. Nikapaaza sauti, "Nitakuwa wapi?" Kwa hasira, ndiyo. Tukashuka salama.

Jumanne vilevile. Kushoto, ukarudi. Simuoni, lakini mkokoteni unaniambia: mtu wa mbele anageuza shingo. "Patro, uko?" "Niko!" "Umeshika?" "Bedan, twende, bana!" Watu wa mikokoteni mingine wakaanza kugundua. Mmoja akapaaza, "Leo wa mbele anamwogopa wa nyuma!" Wakacheka. Na mimi, badala ya kuona huzuni, niliona aibu, na aibu yangu siku zote hugeuka hasira. Tulipofika chini nikamwambia, "Kama huniamini sema. Miaka saba, Bedan! Kwa sababu ya mchezo wa simu?"

Akawa anakung'uta vumbi kwenye suruali yake. "Si kwamba nataka, Patro. Shingo inageuka yenyewe."

"Basi mimi sijibu tena," nikasema. "Sheria ni sheria. Ukisikia kimya nimeshika."

Hakubisha. Akaenda kunywa maji.

Jumatano. Beli nane, na manyunyu yameanguka asubuhi, lami inateleza. Pale mteremko unapokaza, kabla ya kona ya mafundi wa vitanda, nikashika kamba, nikalala nyuma, tairi likaanza kukwaruza. Mzigo ulikuwa mzito lakini nilikuwa nao. Nakuapia kwa watoto wangu nilikuwa nao.

"Patro, umeshika?"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa, siku hiyo hata honi zilikuwa chache. Ulimi ulikuwa mdomoni, pumzi ninazo. Nikajisemea, jana nilimwambia sijibu. Acha ajifunze.

"Patro! Umeshika?"

Nikanyamaza.

Mkokoteni ukaenda kushoto. Safari hii haukurudi. Shingo iligeuka, mabega yakafuata, mguu wake ukateleza kwenye tope, na mkono wa kushoto wa mkokoteni ukapiga chini. Kamba ilinivuta, nikaburutwa kwa magoti, sikuiachilia, ngozi ya viganja ikabaki huko. Hadi leo makovu ninayo, yaangalie ukitaka. Nilikuwa nimeshika. Lakini beli nane zikishalala upande mmoja, mtu mmoja hazizuii. Nikasikia sauti ya mti kuvunjika. Baadaye ndipo nikajua haikuwa mti.

Mafundi wa vitanda wakatupa nyundo zao, wakaja, tukaziinua beli moja moja. Bedan macho wazi, midomo myeupe. Mguu wa kulia sitausimulia. Gari la wagonjwa tuliambiwa linakuja, tukangoja, halikuja. Basi tukaumwaga mzigo wote barabarani, tukamlaza juu ya mkokoteni wetu, tukatandika beli moja iliyopasuka chini yake, masweta ya watu wa Ulaya, na mimi nikaingia mbele kwa mara ya kwanza maishani. Mafundi wawili wakashika nyuma. Nikavuta mpaka hospitali.

Ndivyo Bedan alivyovutwa. Woi, Mungu wangu. Niliikumbuka treni tukiwa njiani na nikalia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya barabara, huku navuta.

Mguu ukakatwa chini ya goti. Nilikwenda kumwona siku ya tatu, nimefungwa mabendeji mikono yote. Jecinta alikuwa amekaa kando ya kitanda na chupa ya uji. Akaniangalia mikono muda mrefu.

"Shemeji," akaniuliza, "ulikuwa umeshika?"

"Nilikuwa nimeshika, shemeji."

"Naye anasema hivyohivyo. Anasema aliteleza tu." Kisha akatoka kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Tukabaki wawili. Bedan alikuwa anaangalia dari.

"Nilikuita," akasema.

"Nilikusikia."

"Mara mbili."

"Mara mbili, ndiyo."

"Na ulikuwa umeshika."

"Haki ya Mungu, Bedan."

Akafunga macho. "Ungesema tu," akasema.

Hapo nikasema pole. Niliisema mara nyingi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Bedan aliniambia, "Nimekusikia, Patro. Inatosha." Hakuniwekea kinyongo, nataka ulijue hilo. Hata leo ukimuuliza, atakwambia Patrobas ni ndugu yake. Na hilo ndilo linaloniua. Angenitukana ningepumua.

Sasa ni miezi saba. Bedan yuko soko la Kariokor, amepata nafasi kwa mtu wa akala, vile viatu vya mpira wa tairi, anakata matairi na kushona kanda. Kazi ya kukaa. Mimi bado niko Gikomba, lakini niko mbele siku hizi, na nyuma nimemweka kijana wa Alego anaitwa Gordon, mwenye nguvu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Sikia, huku nyuma unaongea. Kila hatua unaongea. Imba, tukana, hesabu, sijali, bora nikusikie." Akanitazama kama nimerukwa na akili. Lakini hajawahi kukaa mbele, huyo. Hajui mzigo unavyokupumulia mgongoni na huoni kitu na husikii kitu. Bedan alikaa hapo miaka saba kwa imani tu.

Mwezi uliopita Hamse alinipigia simu. Alisema yeye na Nimco wamezungumza na Bedan, na Bedan anataka turudi mchezoni. Nikamuuliza, nani atakaa nyuma? "Amesema wewe," akajibu.

Jina la Mwewe nimelifuta. Siko kwenye orodha yoyote. Naandika Patrobas tu, kama kwenye kitambulisho. Jumapili baada ya alasiri nakaa palepale chini ya mkokoteni, naweka waya masikioni, tunaingia. Hamse anatangulia. Nimco anapanda paa. Bedan ananyanyua sanduku na kuanza kutembea kwenye ule mji uliobomoka, miguu yote miwili mizima, mimi nyuma yake hatua tano. Na ninaongea. Sinyamazi hata kidogo.

"Nimeshika, Bedan. Niko hapa. Nimeshika."

Jumapili ya kwanza Hamse alichoka. "Patro, bana, unatuziba masikio, hatusikii hata nyayo za adui." Nikamsikia Nimco akimwambia pembeni, polepole, "Muache." Tangu hapo hakuna aliyenikataza.

Adui wanapita mbali madirishani, watu rahisi kabisa, ningewaangusha nimefumba jicho. Siwagusi. Nabaki hatua tano, macho mgongoni kwa Bedan.

"Nimeshika. Nimeshika, ndugu yangu."

Tunashindwa karibu kila Jumapili. Tunachelewa kufika kwenye duara na hakuna hata mmoja wetu anayetaja kwa nini. Ni kwa sababu Bedan akishatembea kidogo, hatua tatu au nne, yule mtu wake wa kwenye simu anasimama na sanduku mikononi, anageuka mzima, ananiangalia. Halafu anarudi njiani na kuendelea.

"Niko, Bedan," nasema. "Nimeshika."

Hatua tatu, nne. Anageuka tena.